Zawadi ya harusi iliyomliza bibi

WAHENGA walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani, na katika kazi yangu ya uandishi nimeitumia mara nyingi bila ya kuitafakari. Ni mwaka jana tu, tulipokuwa tukitayarisha harusi ya mdogo wangu huko Msambweni, ndipo nilipojiuliza swali ambalo methali hiyo hailijibu. Je, mama akimfunza mwanawe jambo, na jambo hilo likamdhuru, alaumiwe nani?

Hebu nianze mwanzo, mpenzi msomaji, ili unielewe.

Mdogo wangu ndiye kitindamimba wetu. Alimaliza chuo kikuu na akapata mchumba, kijana mtaratibu wa huko huko Kwale. Wazazi wakakubaliana, mahari yakatolewa, siku ikawekwa. Kama ilivyo ada, sisi ndugu tulianza kuulizana nani ataleta nini. Huyu akasema ataleta sufuria, yule akasema seti ya vikombe, mwingine chupa mbili za chai. Nikakumbuka harusi ya binamu yangu ambaye aliletewa chupa za chai kumi na moja, na hadi leo baadhi yake ziko juu ya kabati hazijafunguliwa.

Nikaamua kuwa mimi nitaleta kitu tofauti. Nitachapisha kijitabu.

DAFTARI LA BIBI

Wazo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Bibi yetu, mamake mama, ana daftari kuukuu alilopewa na somo yake siku alipoolewa. Somo huyo alikuwa mwanamke wa Lamu aliyeolewa na mvuvi wa Gazi, na ndiye aliyemfunda bibi mambo ya unyumba. Ndani ya daftari mna utendi wa Mwana Kupona, ulioandikwa kwa mkono kwa wino wa buluu ambao sasa umefifia. Jalada lililiwa na mchwa zamani. Bibi amelishona kwa uzi mara mbili na hulifunga ndani ya kipande cha leso.

Kwa wale wasiomjua, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwanamke wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu na alipigana na jeshi la Seyyid Said wa Unguja kwa miaka mingi. Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856. Miaka miwili baadaye, katika mwaka wa 1275 wa Hijra ambao ulianza mwaka wa 1858, mjane wake akiwa mgonjwa alitunga utendi wa beti mia moja na mbili kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Anamwita mtoto aje na wino na karatasi, aketi karibu, aandike maneno ya mamaye. Yeye mwenyewe alifariki karibu mwaka wa 1860.

Kwa hivyo ulikuwa ni wosia wa mama anayejua kuwa hatakuwapo siku mwanawe atakapomhitaji. Nilipolifahamu hilo nilisema moyoni, hii ndiyo zawadi inayomfaa mdogo wangu. Chupa ya chai huvunjika.

SI WASWAHILI PEKE YAO

Isidhaniwe kuwa wosia wa aina hii ulikuwa wa Lamu na Pate tu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka wa 1111, aliandika waraka mfupi wa nasaha kwa mwanafunzi wake ambao hadi leo huchapwa katika vijitabu vyembamba na kusomwa katika nchi nyingi za Kiislamu. Huko Ufaransa, karibu mwaka wa 1393, mzee mmoja wa Paris ambaye jina lake halikuhifadhiwa alimwandikia mke wake, msichana wa miaka kumi na mitano, kitabu kizima cha mambo ya nyumba. Kinaitwa Le Ménagier de Paris. Mna humo mambo ya sala, ya kumtunza mume, ya kuajiri watumishi, ya bustani, ya mapishi, na hata namna ya kuondoa viroboto kitandani.

La kustaajabisha ni kwamba mzee huyo anamwambia mkewe waziwazi kuwa yeye ni mtu mzima na huenda akatangulia kufa. Basi anataka mume wa pili akimkuta mkewe ni mwema, amsifu yule wa kwanza kwa kumfunza vyema. Kitabu hicho kilikaa katika maandishi ya mkono hadi Jérôme Pichon alipokichapisha mwaka wa 1846, naye Eileen Power akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka wa 1928. Siku hizi nasaha za kale kama hizo hukatwa vipande, zikachapwa katika vijitabu vidogo vya kutia mfukoni, na kuuzwa kama zawadi katika maduka ya makavazi na maktaba za Ulaya. Watu hununuliana kwa kucheka.

Nasi huku pwani ya kusini hatukosi vya kale. Msikiti wa Kongo ulioko Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini, unasadikiwa kuwa ni wa karne ya 14 au 15, na bado watu wanauswalia. Waliousimamisha walikuwa na wake na mabinti, na bila shaka walikuwa na nasaha zao. Tofauti ni kuwa za kwao hazikuandikwa, au ziliandikwa zikaliwa na mchwa.

KAZI YA KUCHAPISHA

Nilidhani kuchapisha kijitabu ni kama kutoa fotokopi. Nilijidanganya.

Jambo la kwanza lilikuwa haki. Niliuliza watu wanaojua nikaambiwa kuwa kwa sheria ya Kenya haki ya mwandishi hudumu maisha yake na miaka hamsini baada ya kufa. Mwana Kupona amefariki zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, kwa hivyo utendi wake ni mali ya kila mtu. Lakini si sawa na kazi za waliokuja nyuma. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi huu mwaka wa 1934 huko Medstead, Uingereza, kwa Kiswahili na Kiingereza. J.W.T. Allen naye aliutia katika kitabu chake cha tendi mwaka wa 1971. Maelezo na tafsiri za mtu kama Allen ni jasho lake, huwezi kuzinakili tu. Nikaamua kufuata daftari la bibi na kuandika maelezo yangu mwenyewe.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Utendi ni wa Kiamu. Mdogo wangu, na shahada yake yote, alisoma ukurasa mmoja akanirudishia. Wenzangu wa Lamu husema mato, sisi twasema macho. Husema ndia, sisi twasema njia. Husema nti, sisi twasema nchi. Hayo ni mepesi. Kuna mengine ambayo ilibidi nimpigie simu mwalimu mmoja wa Lamu usiku, naye akanicheka kwanza kabla ya kunijibu. Mwishowe nikaandika orodha ya maneno magumu ya kurasa sita.

Jambo la tatu lilikuwa hesabu. Karatasi moja ya A4 ukiikunja mara mbili hutoa kurasa nane ndogo. Kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati lazima idadi ya kurasa zake igawike kwa nne. Beti mia moja na mbili, tatu kila ukurasa, ni kurasa thelathini na nne. Ukurasa wa jina, ukurasa wa maelezo ya uchapishaji, dibaji kurasa nne, orodha ya maneno sita. Jumla arobaini na sita. Ili zitimie arobaini na nane zilibaki kurasa mbili tupu mwishoni. Mpiga chapa akaniambia nitie tangazo la mtu. Nikamwambia nitafikiria.

Tulikubaliana nakala mia mbili kwa shilingi 130 kila moja, pamoja na kodi. Labda hujui, msomaji, kuwa tangu mwaka wa 2013 vitabu nchini Kenya hutozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kama bidhaa nyingine. Nililipa nusu ya fedha, nikapewa nakala ya kusahihisha, nikavuka feri ya Likoni nikielekea Msambweni kumsomea bibi.

BIBI ALIA

Macho ya bibi hayaoni herufi ndogo tena. Tuliketi barazani baada ya Alasiri, mdogo wangu akipepeta mchele, mimi nikisoma kwa sauti. Bibi alikuwa akitangulia. Nikisema mshororo mmoja yeye huniwahi kwa wa pili, na akifurahi hupiga paja lake. Pale mama anapomwambia mwana ashike dini kwanza, awe na adabu, awe mkweli, bibi alikuwa akiitikia, "Naam! Naam!"

Nikafika kwenye radhi tano. Mwana Kupona anamwambia bintiye kuwa mwanamke ahitaji radhi za watano, nazo ni ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Kisha anaeleza kuhusu huyo wa tano, kwamba asiamshwe akilala, apepewe, asikanywe, na mke asitoke nje ila kwa idhini yake.

Bibi alinyamaza. Nikaendelea beti mbili tatu nikaona haitikii. Nilipoinua macho nikamwona analia, machozi yanateremka bila sauti, naye hayafuti.

"Bibi, kwani una nini?"

"Soma, mwanangu. Soma tu."

"Nisome vipi nawe walia?"

Akakaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Hayo ndiyo maneno niliyomsomea mama yenu mdogo."

Hapa sina budi kueleza. Mama yetu mdogo anaishi Ukunda peke yake, huuza mahamri na mbaazi asubuhi na viazi karai jioni. Sikio lake la kushoto halisikii. Sisi tumekua tukijua kuwa ukitaka kuzungumza naye ukae upande wa kulia. Hakuna aliyetuambia kwa nini, nasi kama watoto tulidhani alizaliwa hivyo.

Siku ile ndipo bibi alipotueleza. Mama mdogo aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka wa pili alikuja nyumbani usiku wa mvua, kwa miguu, shavu limevimba. Bibi alimpa chai, akamkanda kwa maji ya moto, kisha akafungua daftari akamsomea radhi tano. Kulipopambazuka akamshika mkono akamrudisha kwa mumewe mwenyewe. Alikuja mara ya pili, akamrudisha tena. Mara ya tatu hakuja kwa miguu yake. Alichukuliwa kutoka nyumbani kwake akapelekwa hospitalini, na alipotoka sikio lilikuwa limekwisha.

"Nilikuwa kungwi," bibi akasema. "Mabinti wa watu wote nawafunda mimi. Ningelisema nini watu wakisikia wangu amerudi?"

Mdogo wangu alikuwa ameacha kupepeta. Akauweka uteo chini, akaniambia kwa sauti ya chini lakini nilimsikia vizuri, "Dada, kitabu hicho sikitaki katika harusi yangu."

NIFANYE NINI?

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimekwisha kulipa nusu ya fedha, lakini si hizo zilizoniumiza. Kilichoniumiza ni kuwa nilikuwa nimekwenda kwa furaha, na kitabu changu kikafunua kidonda. Nikajiuliza, je, mimi mwandishi mwenye diploma yangu, nilikuwa nimeusoma utendi huu kwa kweli au nilipenda tu uzee wake? Kitu kikiwa cha kale twakipaka sifa. Wale wanaonunuliana nasaha za Paris kwa kucheka, wanacheka kwa sababu hakuna anayewapiga kwazo.

Nikawasha taa nikausoma tena peke yangu, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho. Na nilikuta mambo mawili ambayo sikuyatilia maanani kabla.

La kwanza ni kuwa mambo ya mume si utendi wote. Waingereza walipouchapisha walitia maneno ya wajibu wa mke katika jina la kitabu, na tangu hapo wengi huuona hivyo. Lakini Mwana Kupona anaanza na dini, kisha ukweli na uaminifu, anasema habari za kuwatazama maskini na kupenda watu, na sehemu ndefu ya mwisho ni dua anayowaombea watoto wake na Waislamu wote. Kuna hata wasomi, kama Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka wa 1991, wanaoshauri kuwa utendi huu usichukuliwe juu juu, kwani uwezo wa mwanamke kusema na kuandika umo ndani yake. Mwanamke aliyetunga haya alikuwa na kalamu, na alimwita bintiye aje na wino.

La pili ni kubwa zaidi. Mwana Kupona haamrishi tu, bali anatoa ushahidi. Anasema yeye na babake Mwana Hashima waliishi kwa furaha na kicheko, bila ya mmoja kumvunjia mwenzake heshima siku zote walizokaa pamoja, na kwamba mumewe alipokuwa akifa alimkariria radhi. Nikasimama hapo. Heshima ilikuwa ya pande mbili! Mama huyu alimwusia mwanawe kumhudumia mume kama yule aliyekuwa naye yeye. Hakumwusia kumhudumia mtu wa kumtoa sikio.

Hata yule mzee wa Paris, katika kitabu chake alitia hadithi ya Griselda, mke aliyeteswa na mumewe ili ajaribiwe uvumilivu, naye hakulalamika. Lakini alipoimaliza alimwambia mkewe kuwa hadithi hiyo imepita kiasi kwa ukatili, na kwamba yeye hadai utiifu wa namna hiyo. Karne sita zilizopita mtu aliona mpaka uko wapi. Sisi tulishindwa kuuona barazani kwetu.

MAMA MDOGO AAMUA

Asubuhi nilimwambia mdogo wangu, "Twende Ukunda. Mwenye haki ya kusema ni mama mdogo."

Tulimkuta akikanda unga. Tukamwamkia, tukaketi upande wa kulia. Nilimweleza yote, pamoja na machozi ya bibi. Hakushtuka. Aliendelea kukanda kwa muda, kisha akauliza, "Alilia kweli?"

"Alilia, mama."

"Hajapata kulia mbele yangu."

Mdogo wangu akasema, "Mama, nimewaambia kitabu kisichapwe."

Mama mdogo akanawa mikono, akajifuta kwa leso. "Kitabu hakikunipiga," akasema. "Aliyenipiga ni mtu. Na aliyenirudisha ni mtu, tena mamangu, ambaye nampenda. Kile kitabu nami nimekisoma nilipokuwa nimelala hospitalini. Kina maneno mazuri. Ila kilisomwa nusu, kikafungwa." Akanigeukia. "Chapisha. Lakini kuna mahali pa kuandika?"

Nikakumbuka zile kurasa mbili tupu.

Jioni tulirudi naye Msambweni. Sitaeleza yote waliyozungumza yeye na bibi, kwa kuwa tuliwaacha chumbani na mlango ukafungwa. Walitoka baada ya Isha. Bibi akaniita, "Wewe mwandishi, njoo na kalamu na karatasi." Lakini nilipoketi, mama mdogo akanipokonya kalamu akaandika mwenyewe, bibi akitamka. Yalikuwa maneno machache. Kwamba mume mwema ahudumiwe kwa moyo, naye ahudumu. Kwamba hakuna radhi katika kupigwa. Kwamba mlango wa nyumba hii haufungwi kwa binti, usiku wala mchana, naye akija asiulizwe kwanza amekosa nini.

Tuliyachapa kama yalivyo katika ukurasa wa arobaini na saba. Ukurasa wa arobaini na nane tuliuacha na mistari mitupu, ili kila mama anayempa bintiye kijitabu aandike lake.

Nami katika dibaji nikaongeza jambo moja la sheria, kwa kuwa si kila binti ana nyumba ya kurudi. Kenya ina sheria ya mwaka wa 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Chini ya sheria hiyo mtu anayepigwa, mke au mume, aweza kwenda mahakamani akaomba amri ya kumzuia anayempiga. Wengi wetu hatuijui.

HARUSI NA BIASHARA

Mpiga chapa alinipa nakala zangu siku tatu kabla ya harusi. Nilipozifungua nikakuta thelathini na nne zina kurasa nne zilizogeuzwa miguu juu. Tulibishana. Yeye akasema kosa ni langu kwa kupanga kurasa vibaya, mimi nikasema mbona zile nyingine ziko sawa? Akakubali kuchapa upya nusu, nami nikalipia nusu. Funzo hapa ni kuwa usimalize malipo kabla ya kufungua kila bunda.

Siku ya wanawake tuliwagawia wageni mia moja na ishirini. Wengine walivitia mkobani bila kutazama. Lakini niliona kikundi cha wanawake wa makamo wamekizunguka kimoja pembeni, mmoja akisoma, na si utendi aliokuwa akiusoma. Alikuwa ukurasa wa arobaini na saba. Mmoja wao alijifunika uso kwa mtandio, akaondoka akaenda zake nyuma ya nyumba. Sikumfuata.

Nakala zilizobaki nilitaka kuziuza shilingi 250 ili nirudishe fedha zangu. Nilianza na duka moja la zawadi huko Diani. Mwenye duka aliniambia watalii hawatanunua ila kiwe cha Kiingereza na jaladani kuwe na picha ya mwanamke wa buibui ufuoni. Nikamshukuru nikaondoka. Muuza vitabu karibu na msikiti alichukua vitano, akaviuza, akachukua vitano tena. Saluni moja ya Ukunda inayopaka maharusi hina ilichukua kumi.

Aliyenifundisha biashara hasa ni mama mmoja muuza leso. Alikitazama kijitabu, akakitia katikati ya doti ya leso, akaikunja akaifunga kwa utepe. "Leso ina pindo, ina mji, ina jina," akaniambia. "Jina ndilo nasaha, ila ni fupi. Hiki ni jina refu." Ama kweli! Leso imekuwa ikibeba nasaha zetu kwa zaidi ya miaka mia moja, hapo zamani kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye alama ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka wa 1887 na wanawake bado wanauliza toleo jipya lina jina gani. Mimi nilikuwa nikitafuta soko kwenye vioo vya Diani, kumbe soko liko pale wanawake wanaponunuliana zawadi tangu zamani. Zote zikaisha kwa wiki mbili, nami nimechapisha mia tatu nyingine. Ukitaka kuchapisha chako cha kuuzwa madukani, kumbuka kuomba nambari ya ISBN kutoka maktaba ya taifa, KNLS. Mimi nilifanya hivyo kwa toleo la pili tu.

Faida si kubwa. Nimerudisha mtaji na nikamnunulia mama mdogo jiko jipya la kukaangia.

Mdogo wangu yuko salama kwake. Juzi alinipigia simu, nikasikia mumewe akicheka nyuma, nikamwuliza kulikoni. Akasema mumewe amekikuta kijitabu mezani, amekisoma chote, na ameuliza mbona hakuna aliyemchapishia yeye chake. Nimeambiwa niketi na baba na wajomba niwaulize wana nini cha kumwusia kijana anayeoa. Nimekwisha kuwauliza mara mbili. Mara ya kwanza walisema watafikiria. Mara ya pili mmoja wao aliniomba kalamu.

Nawe msomaji, mama au baba, una binti au mwana anayekaribia kuoa? Usisubiri mpiga chapa. Chukua karatasi, andika ukurasa mmoja. Kisha kabla ya kumpa, jisomee mwenyewe mpaka mwisho.